Bonde la Elan: Njia rahisi za miguu juu ya mashamba yaliyozama

Kwa mkazi wa Afrika Mashariki, milima ya Wales ni mifupi. Kilele kirefu kuliko vyote, Yr Wyddfa, kina mita 1,085 kutoka usawa wa bahari, wakati maji ya Ziwa Victoria yako kwenye mita 1,134. Mvuvi anayeanika nyavu zake Kisumu, Mwanza au Entebbe yuko juu kuliko mpandaji aliyefika kileleni mwa nchi hiyo. Hata hivyo kila mwaka watu wengi huvaa mabuti na makoti ya mvua wakaenda kutembea kwa miguu katika mabonde yake na kwenye nyanda zake za juu zisizo na miti. Wengi wao si wapanda milima. Ni wazee waliostaafu, wazazi wenye watoto wadogo, na watu wanaotaka kutembea saa mbili tatu kisha wapate chai.

Wales ni mojawapo ya nchi nne zinazounda Uingereza, na iko magharibi mwa England. Ina eneo la takriban kilomita za mraba 20,700, pungufu ya Rwanda, na wakazi kama milioni 3.1. Kondoo wake ni karibu mara tatu ya idadi hiyo. Katikati ya nchi, karibu na mji mdogo wa Rhayader, liko Bonde la Elan, na humo imo njia ambayo mtu yeyote mwenye afya ya kawaida anaweza kuimaliza.

Njia hiyo huitwa Elan Valley Trail. Ina urefu wa kilomita 14 na nusu hivi, kutoka pembezoni mwa Rhayader hadi ukuta wa bwawa la Craig Goch. Haina miinuko ya kukata pumzi, na sababu yake ni kwamba hapo zamani ilikuwa reli. Garimoshi la mvuke lenye mzigo wa mawe na saruji haliwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi walichonga njia ya kupanda pole pole ubavuni mwa vilima. Reli iling'olewa zamani, lakini mteremko wake mpole umebaki, na leo unawafaa waendesha baiskeli, wasukuma vigari vya watoto na, katika sehemu kubwa, watu wa viti vya magurudumu.

Asiyetaka safari nzima anaweza kwenda kilomita tano tu kutoka Rhayader hadi kituo cha wageni kilicho chini ya ukuta wa Caban Coch, bwawa la kwanza. Ukuta huo una kimo cha mita 37. Mvua ikiwa imenyesha vya kutosha, maji hufurika juu yake na kuanguka kama maporomoko, na sauti yake husikika kabla ukuta haujaonekana. Mbele zaidi ziko Garreg Ddu, Penygarreg na Craig Goch, kila ziwa likiwa juu ya lenzake kama ngazi.

Majina haya yanaweza kumtisha mgeni, lakini mzungumzaji wa Kiswahili ana pa kuanzia. Katika lugha ya Kiwelisi, kama ilivyo kwetu, neno hubadilika mwanzoni kulingana na jirani yake. Neno "coch" maana yake ni ekundu, lakini likifuata "craig", yaani mwamba, hugeuka kuwa "goch". Craig Goch ni Mwamba Mwekundu. "Cwm" ni bonde, "llyn" ni ziwa, na "nant" ni kijito. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 538,000 wanaozungumza lugha hiyo, chini kidogo ya mtu mmoja kati ya watano.

Mabwawa yenyewe hayakujengwa kwa ajili ya Wales. Mwishoni mwa karne ya 19, Birmingham, mji wa viwanda ulioko England, ulikuwa umefurika watu, na maji machafu yalikuwa yakiwaua kwa homa ya matumbo na magonjwa ya kuhara. Mhandisi James Mansergh alikuwa ameliona Bonde la Elan. Mvua ilikuwa nyingi, zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka, mwamba wa chini haukupitisha maji, na bonde lilikuwa jembamba kiasi cha kuzibika kwa ukuta mfupi. Juu ya hayo, lilikuwa limeinuka kuliko Birmingham kwa mita 50 hivi. Tofauti hiyo ndogo ilitosha kuyapeleka maji umbali wa kilomita 118 bila pampu hata moja. Maji huchukua takriban siku moja na nusu kufika, na hadi leo husafiri hivyo hivyo.

Bunge la London lilipitisha sheria ya mradi huo mwaka 1892, ujenzi ukaanza mwaka uliofuata, na mwaka 1904 Mfalme Edward VII akaja kuuzindua. Wakazi wapatao 100 walihamishwa. Nyumba tatu za mabwanyenye, mashamba 18, shule na kanisa vilitoweka. Fidia walilipwa wenye ardhi tu. Wapangaji na vibarua, ambao ndio walikuwa wengi, waliondoka mikono mitupu. Birmingham ilijenga kanisa jingine badala ya lile lililozama, nalo bado limesimama karibu na Garreg Ddu, kando ya njia ya watembeaji. Kiangazi kikiwa kikali na maji yakishuka, kuta za bustani ya Nantgwyllt, moja ya zile nyumba kubwa, hujitokeza tena. Katika nyumba hiyo mshairi Percy Shelley aliishi kwa muda mwaka 1812.

Hata hivyo sheria ile ile iliyowaondoa wakazi iliacha kitu kimoja ambacho watembeaji wa leo wanakifaidi. Mji ulionunua bonde ulikuwa na kila sababu ya kuwafungia watu nje, kwa hoja ya kulinda usafi wa maji. Watetezi wa ardhi za pamoja walipigania kifungu cha kuzuia hilo, wakafaulu. Kifungu cha 53 kiliupa umma ruhusa ya kuingia katika ardhi ya malisho ya pamoja kwa ajili ya hewa safi, mazoezi na burudani. Ilipita zaidi ya karne moja kabla haki ya namna hiyo haijaenea. Sheria ya mwaka 2000 ndiyo iliyofungua milima, nyika na malisho ya pamoja ya England na Wales kwa kila mwenye miguu, na kwa upande wa Wales haki hiyo ilianza kutumika mwaka 2005.

Anayetaka kuionja nyika yenyewe aende Claerwen, bwawa kubwa zaidi, lililozinduliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1952. Barabara ya changarawe inafuata ukingo wa ziwa, na pande zote ni vilima vya nyasi ngumu na mboji nyeusi inayoshika maji kama sponji. Huko nyumba ni za kuhesabu. Juu angani huzunguka mwewe wekundu wenye mkia wa panda. Karne iliyopita ndege hao walikuwa karibu kwisha Uingereza nzima, wakabaki jozi chache tu katika vilima hivi vya katikati mwa Wales. Leo wameongezeka, na ni nadra kutembea humo bila kuwaona.

Kutoka kituo cha wageni ipo pia njia fupi ya kwenda Nant-y-Gro, kwenye kibwawa kilichowapa maji wajenzi waliokuwa wakiishi bondeni. Ukuta wake umepasuka katikati. Mwaka 1942 wanasayansi wa Uingereza waliulipua kwa makusudi, ili kujua ni kiasi gani cha baruti kingetosha kubomoa mabwawa ya Ujerumani. Mwezi Mei 1943 ndege za kivita zilifanya kazi hiyo katika bonde la Ruhr, na zaidi ya watu 1,300 walikufa kwa mafuriko.

Watembeaji wanashauriwa mambo machache. Mshale wa njano kwenye nguzo huonyesha njia ya miguu, na wa buluu njia inayoruhusu pia farasi na baiskeli. Lango lililofungwa lifungwe tena baada ya kupita. Majira ya kuchipua, kondoo wanapozaa, mbwa wafungwe kamba. Mboji inayong'aa kijani kibichi isikanyagwe, kwani mguu unaweza kuzama hadi gotini. Koti la mvua libebwe hata jua likiwaka.

Njia nyingine za aina hii zipo. Ile ya Mawddach, kaskazini, inafuata reli nyingine ya zamani kwa kilomita 15 hivi, kutoka Dolgellau hadi daraja la mbao la Barmouth baharini. Lakini si mbali na hapo liko Llyn Celyn, ziwa lililofunika kijiji cha Capel Celyn mwaka 1965 ili mji wa Liverpool upate maji, ingawa wabunge wengi wa Wales walipinga. Baraza la mji huo liliomba radhi mwaka 2005. Maneno "Cofiwch Dryweryn", yaani "Kumbukeni Tryweryn", bado yamepakwa kwenye ukuta mmoja kando ya barabara karibu na Aberystwyth, na kila yanapofutwa au kubomolewa, kuna mtu huyaandika upya.

Huko Elan, mabwawa sasa yako chini ya Dŵr Cymru, kampuni ya maji ya Wales isiyo na wanahisa, lakini maji bado yanateremka kuelekea Birmingham. Kutembea kando yake hakuna kiingilio.