Kwa nini kisa kifupi cha anime hushibisha

Ukiomba Naruto kwenye vibanda vya kuingiza muvi kwenye flashi, Nkuhungu au kwingineko Dodoma, utabebeshwa mzigo: epizodi 220 za mwanzo, kisha 500 za Shippuden. Wengi huchoka hata kabla ya kuanza. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni huu: omba epizodi ya 6 hadi ya 19 tu. Hicho ni kisa cha Nchi ya Mawimbi, hakifiki saa sita, nacho kinaonyesha vizuri jinsi hadithi fupi inavyomkidhi mtazamaji.

Kisa chenyewe hakina makuu. Mzee Tazuna anajenga daraja la kukikomboa kisiwa chake. Tajiri Gato, aliyehodhi usafiri wa majini, anamkodi ninja Zabuza amuue. Daraja likikamilika, kisa kimekwisha. Mtazamaji anajua mapema safari inaishia wapi, hivyo kila pambano lina uzito.

Hata hivyo, siri yake haiko kwenye mapambano. Katikati ya kisa, Naruto, ninja chipukizi anayemlinda Tazuna, amelala msituni, hoi kwa mazoezi. Kijana mpole anayechuma dawa za mitishamba anamkaribia, mkono unaelekea shingoni, kisha anabadili nia na kumwamsha. Wanazungumza juu ya nguvu anayoipata mtu anapomlinda ampendaye. Ngumi hazipo, na wengi hapa husogeza mbele. Nawasihi msisogeze! Kijana huyo ni Haku, mtu wa Zabuza, ambaye hupigana akiwa amevaa kinyago. Sisi tunajua, Naruto hajui. Kinyago kinapovunjika darajani, Naruto anagundua adui yake ni nani. Haku anapojitupa mbele ya pigo la Kakashi, mwalimu wa Naruto, ili Zabuza aishi, anatimiza yale yale aliyoyasema msituni. Ukiyaruka yale mazungumzo, kifo chake kitakuwa maiti nyingine tu. Na Zabuza, aliyekuwa akimwita chombo cha kazi, analia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema filamu ya anime ya Mugen Train ya 2020 iliharibika pale pepo Akaza alipozuka ghafla mwishoni. Ni kweli hakuandaliwa. Kilichoandaliwa ni wajibu wa mwindaji wa mapepo Rengoku wa kuwalinda abiria wa treni. Akaza anatoroka na Rengoku anakufa, lakini abiria wote 200 wako hai, na tangu mwanzo hilo ndilo tulilokuwa tukilisubiri.