Pistoni za Land Cruiser: Tuzichague kwa Vipimo, si kwa Kung'aa

Katika vikosi vya Uganda, kama ilivyo katika vikosi vya nchi nyingi za Afrika, ni vyombo vichache vinavyojulikana na mwanajeshi na polisi kama pikapu ya Land Cruiser. Huenda doria mpakani, hubeba maji na chakula, na usiku wa dhiki hugeuka gari la wagonjwa. Aghalabu chini ya boneti yake imo injini ya dizeli iitwayo 1HZ, ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990: silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabochaja. Ni injini mvumilivu. Hata hivyo mvumilivu naye huchoka, na siku moja fundi wa karakana hutoa taarifa kwamba gari linakula oili, linatoa moshi wa buluu, na mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya nne sasa unataka ya pili. Injini hufunguliwa, na afisa mwenye dhamana ya usafiri huletewa karatasi ya kununua pistoni sita.

Karatasi hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia. Mara nyingi hutiwa sahihi kwa kutazama safu moja tu, nayo ni safu ya bei. Askari watakaopanda gari lile kwenda mahali pasipo na fundi wala simu hawaulizwi.

Hebu kwanza tuitazame kazi ya pistoni. Katika injini hii kipenyo cha silinda ni milimita 94, na pistoni husafiri milimita 100 kutoka juu hadi chini. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni husimama na kugeuka mara 100 katika sekunde moja, na mwendo wake wa wastani ni mita 10 kwa sekunde. Juu ya utosi wake moto unawaka. Ubavuni mwake hakuna kinachoitenganisha na ukuta wa chuma ila utando wa oili mwembamba kuliko unywele.

Pistoni ni ya aluminiamu, bali silinda ni ya chuma cha kusubu, na aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa kipenyo hiki cha milimita 94, joto likipanda kwa nyuzi 100 pistoni huongezeka kiasi cha milimita 0.2 hivi, na silinda nusu ya hapo. Nafasi inayoachwa baina yao hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Kwa sababu hiyo watengenezaji huchanganya aluminiamu na silikoni, ambayo hupunguza kutanuka na kuongeza ugumu. Kwa sababu hiyo pia pistoni nzuri si duara kamili: imechongwa kuwa yai kidogo, na nyembamba zaidi juu kuliko chini, ili ikishapata moto ndipo ikae sawasawa.

Sokoni zipo za aina mbili kubwa. Za kwanza ni za kusubu, yaani madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Nyingi zina silikoni asilimia 12 hivi. Nyingine zimezidishiwa hadi asilimia 16 au 18, na hizo hustahimili uchakavu zaidi lakini ni kavu, hazipendi kugongwa. Aina ya pili ni za kufuliwa, ambazo madini yake yamekandamizwa kwa mashinikizo makubwa mpaka yakashikamana. Mojawapo ya michanganyiko yake, uitwao 2618, hauna silikoni ila chembe tu. Jamaa yake wa karibu ndiye aliyetumika kuunda mwili wa ndege ya Concorde. Ni madini yenye nguvu kweli kweli, nayo huweza kupinda kabla ya kuvunjika.

Hapa vijana wengi, na baadhi ya wauza vipuri, hukata shauri upesi: kilicho na nguvu zaidi ndicho kidumucho zaidi. La hasha! Pistoni ya 2618 hutanuka sana, hivyo hudai nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda. Asubuhi injini ikiwa baridi hugonga ukuta, na ringi hazikai imara mpaka joto lifike. Gari la mashindano halijali hayo, kwa maana injini yake hufunguliwa mara kwa mara. Gari la doria huwashwa na kuzimwa mara kumi kwa siku, nalo hutarajiwa kwenda hivyo kwa miaka. Kwa 1HZ isiyobadilishwa, shauri letu ni pistoni ya kusubu iliyotengenezwa vizuri.

Neno "vizuri" lina maana yake. Katika dizeli mfuo wa ringi ya kwanza ndio hufa mapema, kwa kuwa uko karibu na moto na ringi huupigapiga bila kukoma. Pistoni inayofaa imetiwa ndani ya mfuo huo pete ya chuma chenye nikeli, iliyoshikamanishwa na aluminiamu tangu katika kalibu. Mtu akiitazama kwenye mwanga ataiona, rangi yake ni tofauti. Kama haipo, muuzaji arudishiwe mzigo wake, hata angeapa vipi.

Jambo lingine limewaponza wengi. Injini ya 1HD-T, iliyofungwa katika Land Cruiser za mfululizo wa 80, nayo ina kipenyo cha milimita 94 na mwendo wa milimita 100. Fundi akiagiza kwa kipenyo peke yake anaweza kuletewa pistoni zisizo zake. Katika 1HZ mafuta huanza kuwaka katika chumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi, na mgandamizo wake unazidi 22 kwa 1. Katika 1HD-T mafuta hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni yenye bakuli utosini, na mgandamizo ni 18.6 kwa 1. Hali kadhalika urefu kutoka katikati ya pini hadi utosi sharti uwe uleule wa asili. Ukizidi, pistoni hugonga vali; ukipungua, mgandamizo hushuka, na askari wa Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, atasukuma gari kila alfajiri.

Tena wapo wanaotaka kuongeza tabochaja juu ya pistoni za asili. 1HZ haikuundwa kwa hewa ya kusukumwa, na joto linalozidi hupasua pistoni na hata silinda hedi. Gari la kazi liachwe lilivyo.

Pistoni zikifika, zipimwe kabla ya kufungwa. Kampuni kama Mahle ya Ujerumani, Izumi na Art za Japani zina jina, na kwa sababu hiyo majina ya wenye jina huigizwa. Boksi haliwezi kuaminiwa, maikromita yaweza. Pistoni zote sita ziwekwe kwenye mizani: tofauti iwe ya gramu chache tu. Kisha kila moja ipimwe ubavuni, chini, upande usio wa pini, na ndipo silinda ichongwe kuifuata pistoni yake. Kuchonga kwanza na kununua baadaye ni kubahatisha. Ringi iingizwe peke yake silindani, mwanya wake upimwe kwa fila geji na kulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Mwanya mdogo mno hufanya ncha zikutane kwa joto, na ringi hukatika.

Walakini hata pistoni bora haitashinda vumbi la barabara ya Moroto kwenda Kotido ikiwa chujio la hewa limechanika. Vumbi na oili pamoja ni msasa. Nozeli inayotiririsha dizeli badala ya kuipuliza nayo hutoboa utosi wa pistoni mpya kama ilivyotoboa wa zamani. Basi nozeli zipelekwe kupimwa injini ikiwa bado imefunguliwa. Gari likishawaka lisiachwe likinguruma kutwa bila mzigo, bali liendeshwe kwa mzigo wa wastani ili ringi zizoeane na ukuta, na oili ya kwanza imwagwe mapema.

Fundi naye aandike katika kitabu cha gari ukubwa wa pistoni alizofunga. Sokoni huuzwa kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 juu ya kipimo cha asili, na atakayeifungua injini hiyo baada ya miaka minane, pengine katika kikosi kingine, atataka kujua kama bado kuna chuma cha kuchonga au sasa ni zamu ya slivu.