Wati Nyingi Hazimfundishi Mtu Gitaa

Miezi michache iliyopita niliitwa kusuluhisha kesi isiyo na hakimu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, mpangaji wa chumba kimoja, alidunduliza fedha akanunua gitaa la umeme. Muuzaji akamshawishi achukue na amplifaya ya wati 100 yenye spika ya inchi 12, eti ndiyo ya kikazi. Siku ya tatu baba mwenye nyumba alimpa shauri moja: ama kelele zitoke, ama atoke yeye pamoja nazo. Chumba cha pili hulala mama muuguzi anayerudi asubuhi kutoka zamu ya usiku. Na nyumba zetu hizi mnazifahamu, kuta hazifiki kwenye paa. Ukikohoa chumba cha mbele, unaambiwa pole kutoka uani.

Sikumlaumu kijana. Enzi za bendi kubwa za dansi, wapiga gitaa wengi hawakuwa na tatizo hili, maana vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Vya NUTA Jazz vilikuwa vya jumuiya ya wafanyakazi. Vya Mlimani Park, kuanzia mwaka 1983, vilikuwa vya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Mazoezi yalifanyika ukumbini, na kazi ikiisha mwanamuziki alirudi nyumbani mikono mitupu. Kijana wa leo hununua gitaa kwa fedha zake, na ukumbi wake ni ukingo wa kitanda. Basi achague amplifaya gani?

La kwanza ni kuelewa hizo wati. Wengi hudhani amplifaya ya wati 5 hutoa sehemu moja ya kumi ya sauti ya ile ya wati 50. Sivyo. Ili sikio la binadamu lisikie sauti imeongezeka maradufu, nguvu ya umeme inabidi iongezwe kama mara kumi. Kwa hiyo ile ya wati 5 husikika kama nusu ya ile ya wati 50, na nusu hiyo bado ni kelele. Spika ya kawaida ya gitaa, ikipewa wati moja tu, hutoa kati ya desibeli 95 na 100 ukiwa umbali wa mita moja. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Wati moja, basi, yatosha kumwamsha muuguzi.

La pili ni namna mlio unavyotengenezwa. Amplifaya za vali, zenye taa za kioo ndani kama redio za zamani, zinasifika sana, lakini nyingi hukolea pale tu zinapofunguliwa sauti kubwa. Ukizipunguza hupooza. Za transista, na hizi za kidijitali za miaka ya karibuni, huweza kutoa mlio mzuri kwa sauti ya chini. Tafuta yenye swichi mbili za kuzungusha: moja ya kukoleza mlio, nyingine ya kupunguza sauti inayotoka mwisho, ambayo aghalabu huandikwa Master.

La tatu, na kwa mpangaji ndilo kubwa kuliko yote, ni tundu la hedifoni. Hakikisha kwamba ukichomeka hedifoni, spika inanyamaza kabisa. Ijaribu palepale dukani. Vipo pia vijidude vidogo vya kuchomeka moja kwa moja kwenye gitaa, kama amPlug ya Vox, ambavyo ni vya hedifoni tu. Lakini tahadhari: masikio yako nayo ni majirani zako. Usiyapigie kelele ulizowaepusha wengine.

Umeme nao una mambo yake. Amplifaya za betri zinafaa umeme unapokatika. Micro Cube ya Roland, kwa mfano, ina spika ya inchi 5 na hutumia betri 6 ndogo. Ukinunua mtumba, geuza nyuma usome kibao chake. Wenzetu wa Japani hutumia volti 100, Marekani volti 120, nasi hapa Tanzania volti 230. Kikiwa ni cha volti 100 tu, ukakichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha umeme, utanusa moshi kabla hujasikia wimbo.

Na ukipiga kwa spika, usiiweke sakafuni wala usiiegemeze ukutani. Besi hupita kwenye saruji na mbao. Iweke juu ya kiti chenye godoro, ielekee masikio yako, na hutahitaji kuifungua sana.

Wapo watakaosema gitaa la umeme lipigwe kavu, bila amplifaya. Kwa kuzoeza vidole si vibaya. Ila ukizoea hivyo utajifunza kuzicharaza nyuzi kwa nguvu ili ujisikie, wala hutasikia nyuzi zinazolia pasipo kuguswa. Makosa hayo yatajitokeza siku ya kwanza jukwaani.

Mpiga gitaa hutengenezwa na saa anazokaa na gitaa lake, si na ukubwa wa spika. Amplifaya inayokuruhusu kupiga mara moja kwa juma, wenzako wakiwa hawapo, haikufai hata kama ina wati 100. Inayokuruhusu kupiga kila siku ndiyo ya kikazi.

Yule kijana aliiuza ile kubwa kwa kwaya moja, kwa hasara, akanunua ndogo yenye tundu la hedifoni. Juzi mama muuguzi alinisimamisha njiani akaniuliza, "Kaka, yule kijana kaacha gitaa?"

Hakuacha. Kila usiku anapiga kwa muda wa saa mbili.