Oili ya Injini Mpya: Dereva Asibebeshwe Lawama



Trekta limetoka karakana. Injini imewekwa silinda, pistoni na ringi mpya. Baada ya miezi michache linatoa moshi wa buluu na kunywa oili. Anayeitwa ofisini kwanza ni dereva, na pengine mshahara wake ndio unaotakiwa kulipa. Kwa hiyo yafaa sote tulielewe jambo hili.

Ukuta wa silinda mpya haulainishwi kama kioo. Huachiwa mikwaruzo midogo kwa makusudi. Katika saa za kwanza za kazi ringi husuguana na ukuta huo mpaka zikae sawasawa. Zisipokaa, oili hupenya juu na kuungua, na nguvu ya injini hupungua.

Ndiyo sababu oili ya mwanzo haichaguliwi ovyo. Kwa injini iliyofanyiwa matengenezo makubwa, mafundi wengi hupendelea oili ya kawaida badala ya ile ya sintetiki, wala hawaongezi dawa za kupunguza msuguano, kwani utelezi ukizidi ringi huweza kukataa kukaa. Lakini magari mengine mapya ya siku hizi hutoka kiwandani na oili ya sintetiki. Hayo yafuate kitabu chake.

Tusome debe. Namba kama 15W-40 ni za unene, nazo zilingane na kitabu. Herufi S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli.

Dizeli mpya isiachwe ikinguruma muda mrefu bila kazi, wala isibebeshwe mzigo wa kupita kiasi. Oili ipimwe kila asubuhi. Ile ya kwanza hukusanya unga wa chuma. Vitabu vya matrekta mengi hutaka imwagwe pamoja na kubadili filta baada ya saa 50 hivi.

Tunashauri kila tawi lidai mambo mawili: dereva aonyeshwe kitabu cha injini, na karakana iandike tarehe, saa za injini, aina ya oili na jina la aliyeitia. Dereva naye atie sahihi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ikipotea, mfanyakazi asiye na maandishi ndiye anayeitwa mwizi wa injini.