Je, Wajua? Tairi likistaafu barabarani, huanza safari ya miguu

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita mji wa Korogwe. Matairi ya magari yapitayo hapo yakilika hadi upara, mafundi huyageuza katambuga, ndala ambazo Wamasai na wakulima wengi wa Handeni na Korogwe huvaa porini kwa sababu mwiba hauzipenyi kirahisi. Wakenya huziita akala.

Lakini si kila tairi hufaa. Fundi hutafuta tairi la nyuzi za nailoni, si la waya. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilisajili hataza ya tairi la radiali, ambalo chini ya kashata zake lina mkanda wa waya za chuma. Dereva hulipenda, ila kwa mkata ndala ni adhabu: waya hukwamisha kisu na ncha zake huchoma mguu. Kisu chenyewe huchovywa majini kila mara, maana mpira mkavu hukishika na kukigandisha.

Tyubu nazo hukatwa vipande vya kufungia mizigo kwenye baiskeli, na watoto huzitengenezea manati. Na rimu? Hutundikwa mtini, ikagongwa kwa chuma. Hiyo ndiyo kengele ya shule nyingi za msingi nchini Tanzania, na sauti yake hufika mbali bila umeme.