Mhasibu haandaliwi wiki ya usaili

Hivi karibuni alinijia nyumbani binti mmoja niliyemfundisha hapa Kirehe kabla hajaenda chuo. Sasa yuko mwaka wa mwisho Kigali, anasomea uhasibu. Aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, na kabla sijamvutia kiti akaweka mezani karatasi mbili. Moja ilikuwa tangazo la kampuni ya ukaguzi wa hesabu inayotafuta vijana wanaohitimu. Ya pili ilikuwa wasifu wake, alioukesha akiuandika. Muda wa kupokea maombi ulikuwa umebaki wiki moja.

"Mwalimu, nisome nini?" akauliza.

Nilicheka, ingawa kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. Swali hilo hilo nililiuliza mimi mwaka 2004, na jibu nililopewa na wenzangu lilikuwa moja tu: kariri. Nikakariri, na yaliyonipata nitayaeleza.

Mimi ni mtoto wa wakimbizi. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, mwaka 1979, nikasoma shule ya msingi huko huko kwa Kiswahili, kisha sekondari nikaingia mchepuo wa biashara. Wazazi walirejea Rwanda mwaka 1995, mimi nikaachwa kwa mjomba nimalize kidato cha nne. Niliporudi nyumbani, kama tunavyosema sisi ambao nyumbani tulikuwa hatujapaona, niliwakuta waliokulia Bujumbura na Bukavu wakizungumza Kifaransa, waliotoka Kampala wakizungumza Kiingereza, na mimi nina Kiswahili cha Karagwe na Kiingereza cha vitabuni. Lakini debiti ni debiti popote. Nikasoma, nikahitimu, nikaitwa kwenye usaili wa kampuni moja ya ukaguzi mjini Kigali.

Walikuwa watu wawili. Mmoja akaniuliza swali ambalo mwanafunzi wangu wa sasa wa mwaka wa pili hulijibu akiwa anakula mahindi: "Taarifa ya benki inaonyesha salio dogo kuliko lililo katika daftari la fedha la mteja. Utaanza kutazama wapi?" Nikafurahi sana, maana upatanisho wa benki niliujua kwa moyo. Nikajibu haraka: hundi zilizotolewa ambazo wenyewe hawajazipeleka benki.

Yule bwana akaniangalia, akauliza kwa upole, "Kwa nini?"

Nikanyamaza. Hundi ambayo haijapelekwa benki hulifanya salio la benki liwe kubwa kuliko la daftari, wala si dogo. Nilitakiwa kutaja fedha zilizoandikwa kuwa zimepelekwa benki ambazo benki bado haijaziingiza, au makato ya benki ambayo mteja hajayaandika, au jambo baya zaidi, fedha ambazo karani ameandika kuwa kazipeleka na kumbe ziko mfukoni mwake. Nilijua kuchora jedwali lote kwa rula, lakini sikuwa nimewahi hata siku moja kushika taarifa ya benki ya mtu halisi. Nikatoka pale nikiwa mwalimu, ingawa barua ya kunikatalia ilikuja baadaye. Siwalaumu. Na ualimu siujutii, japo mke wangu ana maoni yake siku za mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo nilipomtazama binti yule sikumpa kitabu. Nilimuuliza, "Mama yako bado anauza mchele?"

Mama yake ni mfanyabiashara wa mpakani. Anavusha mchele kutoka upande wa Tanzania kupitia Rusumo, kama akina mama wengi tunaowaona pale kila siku, hasa tangu kituo cha pamoja cha mpaka na daraja jipya vilipozinduliwa rasmi mwaka 2016 na foleni zikapungua. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na mama huyu daftari analo. Nikamwambia binti aende akalilete.

Alirudi kesho yake nalo, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Tukakaa nalo Jumamosi nzima. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kata shauri kwamba msimu ule ulimtia hasara ya zaidi ya milioni mbili, kwa sababu alitoa fedha nyingi na mkononi zilirudi chache. Nitatumia namba za mfano, za kwake nimwachie mwenyewe. Tuseme alinunua magunia 60 kwa faranga 80,000 kila moja, akalipa 180,000 za usafiri na gharama za njiani. Jumla 4,980,000. Akauza magunia 45 kwa 90,000, lakini 15 kati ya hayo aliwakopesha wenye maduka. Taslimu aliyopata ni 2,700,000. Kwa macho ya mfukoni, pengo ni 2,280,000.

Binti alichukua karatasi. Gunia moja na usafiri wake ni 83,000. Magunia 45 yaliyouzwa yaligharimu 3,735,000, mauzo yake ni 4,050,000, faida 315,000. Fedha ya mama iko wapi basi? Wadaiwa wanashikilia 1,350,000 na ghalani yamelala magunia 15 yenye thamani ya 1,245,000. Jumlisha hivyo viwili, ondoa faida, unapata pengo lile lile la 2,280,000 bila kupungua faranga. Alipoona namba zimekutana alipiga meza. Miaka mitatu amefundishwa wadaiwa na bidhaa ghalani, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alipoviona.

Hapo ndipo nilipomwonyesha kazi yenyewe ya mkaguzi kijana. Wengi wanadhani ukiajiriwa utakaa katika kiyoyozi ukishauri wakurugenzi. La hasha. Mwaka wa kwanza utahesabu magunia ghalani tarehe 31 Desemba wenzako wakijiandaa na sikukuu, utaandika barua kuomba benki zithibitishe salio, utakaa na maboksi ya ankara ukizilinganisha na leja. Na kulinganisha kuna njia mbili, zisichanganywe. Ukitoka daftarini kwenda kwenye hati, unatafuta kilichoandikwa ambacho hakikutokea. Ukitoka kwenye hati kwenda daftarini, unatafuta kilichotokea ambacho hakikuandikwa. Mtahiniwa anayeweza kueleza tofauti hiyo kwa maneno yake mwenyewe, akatoa mfano wa gunia la mchele tangu ankara ya muuzaji, cheti cha asili ya bidhaa, hati ya forodha, hadi ankara ya mashine ya kodi, huyo atasikilizwa.

Tukafanya njia ya pili. Tukatoa hati kutoka kwenye mfuko wa mama, moja moja, tukazitafuta daftarini. Nyingine hazikuwamo. Binti akainamisha kichwa. Kisha akasema kwamba kuna daftari lingine, jembamba, ambalo mama hulitoa watu wa kodi wanapokuja, na kwamba tangu aanze kusomea uhasibu, mwandishi wa daftari hilo ni yeye.

Ndugu msomaji, sitajifanya nilishtuka. Nimeishi mpakani miaka mingi. Lakini nilimwambia wazi kwamba usaili wake umekwisha kuanza hapo hapo. Kampuni za ukaguzi huuliza maswali ya uadilifu, tena si kwa mapambo. Mwaka 2002 kampuni ya Arthur Andersen, iliyokuwa miongoni mwa tano kubwa duniani, ilihukumiwa Marekani kwa kuharibu nyaraka za mteja wake Enron. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikuja kuitengua hukumu mwaka 2005, lakini wakati huo wateja walikuwa wamekwisha kimbia na kampuni imekufa. Ndiyo maana leo tunasikia nne tu: Deloitte, PwC, EY na KPMG. Bidhaa pekee ambayo mkaguzi anauza ni kuaminiwa. Watakuuliza: mteja amekupa gunia la mchele la sikukuu, utafanya nini? Bosi wako amekwambia usiiandike hitilafu uliyoiona, utafanya nini? Anayejibu kwa kukariri hujulikana kwa haraka, kama mimi nilivyojulikana na hundi zangu.

Jumapili nilimfuata mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa anapepeta.

"Mwalimu," akasema, "wewe unataka mtoto aajiriwe au unataka mimi nifungwe?"

Ni swali la haki, na sikuwa na jibu la mkato. Nilimwambia tu yale ninayoyajua: tangu mashine za ankara za kielektroniki zilipoanza kutumika nchini mwaka 2013, mwenye duka anayekata ankara anaacha alama yake na ya aliyemuuzia, kwa hiyo daftari jembamba linazidi kuwa jembamba hata bila mwalimu kulisema. Na kwamba mtu huweza kwenda mwenyewe ofisi ya mapato kutangaza alichokosea kabla hajafuatwa. Aliniambia atafikiri. Binti alimwambia yeye hataandika tena lile jembamba. Walinuniana siku tatu.

Mambo mengine niliyomwambia ni mepesi zaidi, nitayapitia haraka. Mwaka wa fedha wa kampuni nyingi hapa kwetu huisha Desemba, na ripoti za kodi ya mapato hutakiwa kufikia mwisho wa Machi. Kwa hiyo wakaguzi huhitaji mikono kabla ya Januari, na anayesubiri mahafali ndipo aanze kutafuta hukuta viti vimekaliwa. Mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa pili au wa tatu ndiyo mlango, hata yakiwa katika kampuni ndogo ya ukaguzi isiyo na jina kubwa. Na ukiwa huko usikae kutumwa chai tu, omba uende kuhesabu bidhaa.

Kompyuta: siyo kusema unaijua Excel, bali kukaa nayo. Mpe kijana orodha ya mauzo mia tano yenye tarehe zilizochanganyika na majina yaliyoandikwa kwa namna tatu, aipange, atafute zilizojirudia, ajumlishe kwa mteja mmoja mmoja. Kampuni nyingi pia huanza na jaribio la namba na ufahamu linalofanywa kwa saa, na hapo wanaoshindwa si wajinga, ni wale ambao hawajawahi kukimbizana na saa. Dakika thelathini kila siku kwa mwezi mmoja zinasaidia sana.

Wasifu wake aliokesha akiuandika ulikuwa na kurasa nne. Tuliupunguza ukawa ukurasa mmoja na robo. Alikuwa ameandika kwamba ni "mchapakazi na mwenye maono". Tukafuta. Kuhusu mchele hakuandika hata neno, eti anaona haya. Tukaandika: ametunza hesabu za biashara ya familia ya kuvuka mpaka, kwa faranga na shilingi. Tafadhali, ninyi watoto wa wafanyabiashara, msiwaonee haya wazazi wenu mbele ya wakaguzi. Mtu aliyelazimika kuamua thamani ya deni la shilingi siku ambayo bei ya shilingi imebadilika ana la kusema kuliko aliyesoma sura hiyo kitabuni.

Mitihani ya taaluma nayo isingoje. Chama cha wahasibu wenye vyeti nchini, ICPAR, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mwanafunzi anaweza kujiandikisha mapema na kuanza mitihani ya CAT au CPA. Kampuni hupenda kuona umekwisha anza. Kwa wenzangu waliorejea wakiwa na masomo ya bodi ya Tanzania, NBAA, au ya Kenya na Uganda, msiyatupe makaratasi hayo sandukuni. Vyama vya wahasibu vya Jumuiya yetu vilitia saini makubaliano ya kutambuana mwaka 2011. Nendeni mkaulize ni mitihani gani mnasamehewa. Namjua mtu aliyerudia kila kitu tangu mwanzo kwa sababu tu hakuuliza.

Na lugha. Usaili wa Kigali utakuwa kwa Kiingereza, hilo halina mjadala, kwa hiyo kijana ajizoeze kueleza mizania kwa sauti, mbele ya kioo au mbele ya ndugu zake wadogo. Lakini Kiswahili, kilichokuwa kikinitia unyonge mwaka 2004, ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na kampuni yenye wateja walio na matawi Mwanza au Dar es Salaam inahitaji mtu wa kuongea na mtunza ghala. Kwa wenye wateja wa Kongo kuna jambo moja zaidi: nchi yao ilijiunga na OHADA mwaka 2012, na wenzetu wanafuata mfumo wake wa hesabu, ambapo akaunti hupangwa kwa madaraja yenye namba, la tano kwa fedha, la sita kwa gharama. Kuujua hata juu juu hakumdhuru mtu.

Binti alipeleka maombi siku mbili kabla ya muda kwisha. Alifaulu jaribio la namba na akaitwa kwenye usaili. Siku ya safari nilimkuta stendi ya Nyakarambi alfajiri, amevaa sketi nyeusi ya dada yake, mama kasimama pembeni na kitenge mabegani. Walikuwa wameshapatana, sikuuliza vipi. Mama alihesabu nauli ya kwenda na kurudi, akampa, akamshika mkono kabla hajapanda.

"Tiketi usitupe," akamwambia. "Uje nayo, iingie daftarini. Lile nene."