Namba mbili za Handeni na Korogwe

Sensa ya Agosti 2012 ilihesabu watu 79,056 katika Mji wa Handeni na 68,308 katika Mji wa Korogwe. Ofisa mipango huzisoma namba hizi akiwaza madarasa na visima. Mwanahisabati ana swali lake: zimejengwa kwa namba tasa zipi? Namba tasa, kama 2, 3, 5 au 7, haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kila namba nzima inayozidi 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na zao hilo ni la namna moja tu.

Tuanze na Handeni. Jumlisha tarakimu: 7+9+0+5+6 ni 27. Kwa kuwa 27 hugawanyika kwa 9, hata 79,056 hugawanyika. Siri yake ni kwamba 10, 100, 1,000 na kuendelea, ukizigawanya kwa 9, zote hubakisha 1. Kwa hiyo baki ya namba nzima hutokana na jumla ya tarakimu zake. Endelea kugawanya, utafika 6 × 6 × 6 × 6 × 61, na kila 6 ni 2 × 3. Napenda sana namba ya aina hii: ina vigawo 50, yaani namba 50 zinazoigawanya bila baki.

Korogwe imekaza. Igawanye kwa 2 mara mbili, unabaki na 17,077. Je, hii ni tasa? Huna haja ya kujaribu maelfu ya namba. Ingekuwa zao la namba mbili, mojawapo isingezidi 130, maana 131 × 131 ni 17,161, tayari tumepita. Basi zinatosha namba tasa kuanzia 2 hadi 127, nazo ni 31 tu. Mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye kalamu na subira aweza kuzimaliza mchana mmoja, na kila moja itamwachia baki. Kwa hiyo 17,077 ni tasa, na 68,308 ina vigawo 6 basi.

Angezaliwa mtoto mmoja zaidi Handeni Mjini kabla ya kuhesabiwa, tungepata 79,057, yaani 11 × 7,187. Vigawo 50 vingeshuka hadi 4! Namba mbili zinazofuatana hazishiriki kigawo chochote zaidi ya 1.

Kuzidisha ni kazi nyepesi; kurudi kwenye vigawo ndiko kuzito. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, huko Marekani, waliutumia uzito huo kubuni njia ya kuficha ujumbe. Namba zinazotumika leo katika njia hiyo mara nyingi zina tarakimu 617, kila moja ikiwa zao la namba tasa mbili. Ukizishambulia kwa njia tuliyotumia Korogwe, kompyuta zote duniani hazitafika popote.